Kilomita tano bila kusimama: kwa nini Jumamosi hii na si zile sita zilizopita?

#1 Nalongo_Walukuba
Hamjambo wadau. Nina swali, na naomba mtu asinijibu "ni Mungu tu", huyo nimeshamshukuru.

Nina miaka 43, wanangu pacha wako sekondari, nauza vitenge Jinja mjini na kutwa nzima niko juu ya stuli. Nilianza kukimbia baada ya kupanda ngazi za jengo moja nikafika juu natafuta ukuta wa kushika. Nikafuata ule mpango wa wiki 9 wa kutoka kwenye kochi, siku 3 kwa wiki: unakimbia kidogo, unatembea kidogo, unaongeza. Mwanzo ulikwenda. Halafu nikakwama. Jumamosi sita mfululizo, nikikaribia kilomita ya 3, kifua kinabana, kichomi ubavu wa kulia, nainama nimeshika magoti kama mtu aliyeangusha sarafu.

Juzi Jumamosi nimetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku mvua ilinyesha sana. Nililala saa saba kwa sababu ya ngoma za harusi ya jirani. Simu haikuwa na chaji nikaiacha nyumbani. Sijafika mbali nikamkuta mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya matooke (ndizi za kupika), anawahi soko kuu. Nilitaka kumpita ila kando kulikuwa na matope, nikabaki nyuma ya gurudumu lake. Akaniuliza, "Nnyabo, nani anakufukuza?" Nikamwambia ni presha. Tukaongea mpaka sokoni. Alipokata kona nikasema ngoja niendelee kidogo, nikaenda mpaka kwenye bustani ya chanzo cha Nile, nikagusa maji, nikageuka. Ni kwa kijana wangu wa rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ndiko nilikozinduka kwamba sijasimama hata mara moja. Saa yake ya ukutani inasema saa moja na dakika ishirini.

Nilikaa kwenye benchi lake miguu inatetemeka yenyewe. Mayai mawili, kabichi, nyanya, chapati bado inatoa moshi, na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati kilichochubuka. Nimekula rolex maisha yangu yote. Ile ilikuwa nyingine.

Sasa niambieni. Sikulala, sikunywa maji, sikujiandaa. Kwa nini siku hiyo?

#2 Kijana_Ntinda
Hongera Nalongo! Ila simu ilikuwa nyumbani, umejuaje ni tano?

#3 Nalongo_Walukuba
Nilimwomba boda wa stendi yetu apite njia ile ile. Akasoma kwenye saa ya pikipiki: 5.3.

#4 Busia_Mpakani
Boda yenye saa inayofanya kazi? Uganda hii? Mimi ni boda, yangu inasoma elfu 48 tangu kabla ya korona.

#5 Daktari_wa_Goti
(Si daktari, ni mtaalamu wa viungo. Jina nilipewa mtaani.)

Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe, Nalongo. Ulikuwa nyuma ya baiskeli ya matooke. Uliongea njia nzima. Kipimo rahisi kuliko vyote ni hicho: ukiweza kusema sentensi kamili bila kuhema, mwili unapata hewa ya kutosha na unaweza kuendelea muda mrefu. Ukibaki kujibu "ee" na "mm", umeshavuka, na unapovuka hesabu yake inakuja baada ya kilomita mbili tatu. Hizo Jumamosi sita ulikuwa unaondoka kwa kasi kubwa. Mzee amekushika breki.

Hata kichomi, mara nyingi ni pumzi fupi fupi na tumbo lililojaa. Ukikimbia pole pole pumzi inashuka chini, hupati.

#6 Kijana_Ntinda
Kilomita 5.3 kwa dakika 50? Huko si kutembea?

#7 Mwalimu_Mbale
@Kijana_Ntinda hapana. Tofauti ya kutembea na kukimbia haiko kwenye kasi. Kwenye mashindano ya kutembea mtu anaondolewa akionekana ameinua miguu yote miwili kwa pamoja. Kwa hiyo kama kuna nukta ambayo Nalongo alikuwa hewani mzima mzima, alikimbia, hata kama kuku wanampita.

#8 Nalongo_Walukuba
Kuku hawakunipita. Bata mmoja.

#9 Afande_Mstaafu
Daktari amesema vizuri lakini ameacha jambo kubwa. Niliwakimbiza vijana miaka 19. Mtu akikimbia peke yake anasikiliza mwili wake, na mwili ni mlalamishi. Ukimweka kwenye mstari, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, yule yule aliyekuwa anakufa kilomita ya pili anafika ya nane anauliza chai iko wapi. Mguu wa kushoto ukigonga unatoa neno, wa kulia unavuta hewa. Pumzi inapangwa na wimbo. Ndiyo maana ya mchakamchaka. Nalongo hakuwa na wimbo lakini alikuwa na mazungumzo na mnyororo wa baiskeli unalia krr krr mbele yake. Imetosha.

#10 Busia_Mpakani
Afande, mimi nilidhani mchakamchaka ni yale mafunzo ya siasa na bunduki.

#11 Afande_Mstaafu
Jina ndilo hilo, hapa kwetu limeganda kwenye yale mafunzo. Lakini neno lenyewe ni mwendo wa kukimbia kwa pamoja, waulize Watanzania.

#12 Msimamizi
Siasa kuna jukwaa lake. Turudi kwenye mbio.

#13 Mnubi_Bombo
Salaam. Nyote mmeruka chakula. Nalongo, Ijumaa usiku kwenye harusi ulikula nini?

#14 Nalongo_Walukuba
Pilau. Sahani mbili. Na soda.

#15 Mnubi_Bombo
Hiyo hapo! Wali sahani mbili na sukari ya soda, miguu imelala imejaa mafuta ya safari. Wiki nyingine zote najua unafanyaje: mama aliyeamua kupungua anakula nusu sahani ya boga Ijumaa halafu Jumamosi anataka kukimbia kama Cheptegei, mwanariadha wetu. Mimi mwenyewe Ramadhani niliendelea kukimbia jioni kabla ya futari, kilomita mbili naona nyota. Idi ilipopita, gurusa tatu (mikate yetu ya Kinubi) na mchuzi usiku, asubuhi nikaenda mpaka barabara ya Gulu na kurudi.

#16 Daktari_wa_Goti
@Mnubi_Bombo kwa dakika 50 za pole pole akiba ya kawaida mwilini inatosha kabisa, hahitaji pilau. Pilau ni kwa wa kilomita 42.

#17 Mnubi_Bombo
Pilau ni kwa wote, daktari.

#18 Kijana_Ntinda
Tukimtaja Cheptegei: rekodi ya dunia ya mita 5000 ni 12:37. Nalongo alipofika kwa mzee wa baiskeli, Joshua alikuwa amemaliza na kuoga.

#19 Kapchorwa_Juu
12:35.36 kijana, Monaco, tarehe 14 Agosti 2020. Hiyo 12:37 ni ya Bekele wa Ethiopia, ilikaa tangu 2004 mpaka mtu wetu alipoiondoa. Ukitania wanariadha wa kwetu, tania na tarakimu sahihi. Piga hesabu: kila mzunguko wa mita 400 kwa sekunde 60 na kitu, mara kumi na mbili na nusu. Jaribu mmoja tu halafu urudi hapa.

Kuhusu swali. Nimezaliwa huku mlimani Elgon, watu wanadhani tunazaliwa tunakimbia. Uongo mtupu. Tunazaliwa tunapanda. Mimi nilikuwa naachwa na dada zangu wakienda kuchota maji. Nalongo, Jumamosi zile nyingine ulipita njia ile ile?

#20 Nalongo_Walukuba
Hapana. Nilikuwa napita upande wa Mpumudde.

#21 Kapchorwa_Juu
Mpumudde ni kilima! Umeshuka kutoka Walukuba kuelekea majini halafu unauliza kwa nini ilikuwa rahisi. Uzi ufungwe.

#22 Nalongo_Walukuba
Lakini kutoka majini nilirudi. Kupanda. Na hapo ndipo sikusikia kitu.

#23 Kapchorwa_Juu
Uzi ufunguliwe.

#24 Mwalimu_Mbale
Kwanza kabla ya kueleza jambo tuhakikishe lilitokea. Mzee mwenye mikungu mitatu kwenye matope haendi kilomita 6 kwa saa, afande atanikubalia. Kama nusu ya kwanza ilikuwa pole kuliko hapo na jumla ni dakika 50, ama nusu ya pili ulipaa, ama si kilomita tano.

Usitegemee boda. Na simu nayo, hata ikiwa na chaji, inakata kona, chini ya miti na kati ya majengo inapotea. Chukua baiskeli, funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, pima mzunguko mmoja wa gurudumu kwa futi ya fundi cherehani. Sukuma njia nzima ukihesabu kitambaa. Nilijifunza kwa uchungu: mwaka mzima nilijisifu nakimbia mizunguko 12 na nusu uwanjani kwa muda fulani, nikagundua mwenzangu ananicheka. Mimi nilikuwa njia ya nje kabisa, ya nane. Mita 400 ni njia ya kwanza. Ya nane ni kama 453.

#25 Busia_Mpakani
Sasa hapo mwalimu ulikuwa unakimbia zaidi. Ulilia nini?

#26 Mwalimu_Mbale
Nililia kwa sababu nilihamia njia ya kwanza nikitarajia kuwa bingwa. Niliongeza kasi kwa furaha nikaumia msuli wa paja.

#27 Dada_wa_Arua
Awa'di fo, asanteni kwa uzi. Nimesoma yote. Hakuna aliyetaja kwamba alikuwa na wiki sita nyuma yake. Kwenye kikundi chetu cha akina mama unaweka elfu tano tano kila wiki, huoni chochote, unadhani pesa inaliwa. Zamu yako ikifika unapewa furushi. Je, siku ya kupokea ndiyo uliyofanya kazi? Mwili wa Nalongo ulikuwa unaweka. Juzi ilikuwa zamu yake, angekimbia hata nyuma ya kobe.

#28 Daktari_wa_Goti
Nakubali nusu. Moyo na damu vinabadilika ndani ya wiki chache. Lakini kama ni akiba tu, angepanda kidogo kidogo: 3, 3.3, 3.8. Yeye kakaa 3 mara sita halafu karuka.

#29 Dada_wa_Arua
Furushi haliji kidogo kidogo, daktari.

#30 Kijana_Ntinda
Viatu? Hakuna aliyeuliza viatu.

#31 Nalongo_Walukuba
Mivumba (mitumba), nilinunua soko la Owino mwaka jana elfu 35. Kushoto kuna jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ndani ya ulimi. Sijui mtoto wa wapi, miguu ilikuwa mikubwa.

#32 Mnubi_Bombo
Mtoto huyo alikuwa na pumzi. Ndiyo sababu.

#33 Mwalimu_Mbale
Kumradhi kidogo nje ya mada. Nalongo umesema uligusa chanzo cha Nile. Pale Speke alipofika 1862 palikuwa na maporomoko, Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954 maji yakapanda, maporomoko yakazama. Ulichogusa ni maji yaliyo juu yake.

#34 Nalongo_Walukuba
Mwalimu, umeninyang'anya kilomita, sasa unaninyang'anya na mto.

#35 Afande_Mstaafu
😂😂 Mwalimu apewe adhabu, mizunguko miwili njia ya nane.

#36 Mama_Tororo
Mimi sikimbii na sitakimbia. Nimekuja kwa ajili ya ile rolex. Jumamosi yangu: nafua mapema, nguo zikiwa kwenye kamba naweka kiti chini ya mwembe, binti anasuka nywele, redio inasema mpira ambao siufuatilii, karanga za kuchemsha kwenye bakuli. Hakuna anayeniita. Mkinieleza kwamba rolex inakuwa nyingine ukikimbia, nitajaribu mpaka kwenye nguzo ya umeme.

#37 Nalongo_Walukuba
Mama, nakuapia. Mate yalikuwa yananitoka kabla hajavunja yai.

#38 Busia_Mpakani
Rolex ya kweli ni Wandegeya, Kampala. Jinja mnaweka kabichi nyingi kama mnalisha sungura.

#39 Nalongo_Walukuba
Weee! Hao waliokaanga Wandegeya walitoka wapi? Waulize wanaume wa Busoga ni nani aliyeshika chapati kwanza.

#40 Kijana_Ntinda
Na huku Ntinda sasa wanaweka parachichi na soseji. Elfu saba!

#41 Mama_Tororo
Elfu saba hiyo si rolex, hiyo ni kodi ya nyumba.

#42 Dada_wa_Arua
Nirudi kwenye ule mpango wa wiki 9. Mmarekani Josh Clark aliuandika 1996, na aliyekuwa akilini mwake ni mama yake. Wiki ya tano siku ya tatu unatakiwa dakika 20 bila kusimama, ghafla tu, kutoka kwenye vipande vya dakika 8. Wengi wanagoma pale. Mimi niligoma mara nne, ya tano nikaenda baada ya kugombana na shemeji. Hasira nayo mwiandike kwenye orodha.

#43 Afande_Mstaafu
Hasira inafika kilomita moja na nusu. Nimeiona.

#44 Kapchorwa_Juu
Mvua, jamani. Usiku ilinyesha, asubuhi ni baridi, vumbi limelala. Moyo haufanyi kazi mbili, kupoza ngozi na kusukuma miguu. Nalongo, zile Jumamosi sita ulitoka saa ngapi?

#45 Nalongo_Walukuba
Saa mbili, saa tatu. Baada ya kufagia.

#46 Kapchorwa_Juu
Saa tatu juani na moshi wa malori. Nimemaliza.

#47 Nalongo_Walukuba
Wadau, ripoti. Jana nimemtuma mwanangu Kato na baiskeli na kitambaa kama alivyosema mwalimu. Gurudumu moja ni mita 2.2. Kahesabu mara 2,190.

#48 Mwalimu_Mbale
2,190 mara 2.2 ni mita 4,818. Zimepungua 182.

#49 Kijana_Ntinda
Uuuuwi! Rudisha hongera yangu.

#50 Nalongo_Walukuba
Ngoja. Pacha mwenzake anasema Kato alikutana na marafiki karibu na msikiti, wakasimama kuongea mpira, halafu akaendelea kutoka "kama elfu moja na mia tatu hivi". Kama! Nimemwambia arudie, anataka rolex ya mayai matatu kwanza.

#51 Busia_Mpakani
Boda imesema 5.3, mtoto 4.8. Kata katikati, ni 5 na ushee. Hongera inabaki.

#52 Mwalimu_Mbale
Hesabu haifanywi hivyo.

#53 Busia_Mpakani
Barabarani inafanywa.

#54 Afande_Mstaafu
Mita 182 ni kutoka kwa rolex mpaka nyumbani. Alitembea nyumbani? Basi.

#55 Nalongo_Walukuba
Leo Jumamosi nimerudia. Nimetoka saa kumi na mbili na nusu, njia ile ile, viatu vile vile, jana nimekula pilau makusudi (@Mnubi_Bombo). Mvua haikunyesha ila kulikuwa na ubaridi. Mzee hakuwepo. Nilijitahidi kwenda pole, nikajisemesha mwenyewe mpaka mama mmoja wa mandazi akaniangalia kwa huruma. Nimesimama mbele kidogo ya soko. Haijafika hata 3.

Kichomi kimerudi, ubavu ule ule.

#56 Mnubi_Bombo
Pilau ya harusi na pilau ya nyumbani si moja.

#57 Daktari_wa_Goti
Ulidhani unakwenda pole. Bila gurudumu mbele, "pole" ya mtu inapanda bila yeye kujua. Na pilau hiyo imelala tumboni, ndiyo kichomi.

#58 Afande_Mstaafu
Nilisema. Mwenzako hayupo.

#59 Dada_wa_Arua
Au umeshapokea furushi, sasa unaweka upya. Usikate tamaa dada.

#60 Kapchorwa_Juu
Wiki iliyopita hukujua unakimbia tano. Leo ulijua. Hicho nacho ni kilima.

#61 Mama_Tororo
Na rolex?

#62 Nalongo_Walukuba
Nilikula. Ilikuwa nzuri tu, ya kawaida. Lakini nilikaa benchi nusu saa, nimevua viatu, naangalia mji unaamka. Kijana akanipa chai ya pili bure kwa sababu anadhani naumwa.

#63 Kijana_Ntinda
Nalongo, mzee huenda sokoni siku zipi?

#64 Nalongo_Walukuba
Aliniambia Jumatano na Jumamosi. Leo sijui kapatwa na nini. Jumatano nafungua duka saa mbili, kwa hiyo alamu nimeweka saa kumi na moja na nusu. Nimechaji simu ila nitaiacha.

#65 Mgeni_Masaka
Samahani wadau, nimeingia sasa hivi, sijasoma kurasa zote. Huyo mzee wa baiskeli mkungu anauza bei gani?

#66 Nalongo_Walukuba
Elfu ishirini, ukibembeleza kumi na saba. Mkubwa zaidi ni ishirini na tano lakini huo unakuwa tayari na mwenyewe sokoni, mama mmoja wa hoteli. Ana shamba la ekari moja na nusu, alilima kahawa kwanza ikapata ugonjwa wa kunyauka, ndipo akaingia kwenye matooke. Watoto sita, mmoja yuko Dubai. Goti la kushoto linamsumbua lakini hataki kusikia habari ya hospitali. Alinieleza yote hayo kabla hatujafika sokoni.